Ubia wa serikali na kampuni binafsi katika kurejesha mikoko, matumbawe na fukwe: mkataba ulipie nini?

Mdau wa Ufukwe

Wanajukwaa, salaam. Serikali nyingi zenye mwambao zinaingia ubia na kampuni binafsi ili kupanda mikoko, kukarabati miamba ya matumbawe na kurudisha mchanga kwenye fukwe zilizoliwa na bahari. Ubia wa daraja ninauelewa: mwekezaji hujenga, hukusanya tozo kwa miaka iliyokubaliwa, kisha huikabidhi serikali mali yake. Hesabu ya mikoko ndiyo inayonishinda. Hakuna anayelipa tozo kwa msitu kuvunja nguvu ya mawimbi au kuwapa samaki wachanga mahali pa kukulia, na faida hizo humfikia kila mtu bila ankara. Je, mbia alipwe kwa kipimo gani, na kimbunga kikipita mwaka wa tatu hasara iwe ya nani?

Kitalu

Ndugu muulizaji, nianze na kipimo, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zimepotelea. Mikataba mingi hulipa kwa idadi ya miche iliyopandwa, na kampuni inayolipwa hivyo hupanda mingi iwezekanavyo mahali ambapo kupanda ni rahisi. Kati ya aina za miti ya mikoko, ile inayoitwa mkoko hasa inalirahisisha jambo hili kupita kiasi: mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini, ikarefuka kama fimbo ya kijani, na mtu akiichomeka kwenye tope husimama siku hiyo hiyo bila kupitia kitaluni. Mchu na mlilana, aina nyingine za miti hiyo, ambazo mbegu zake ni ndogo na hutaka kuoteshwa kwa uangalifu, huachwa. Matokeo yake ni safu zilizonyooka za mikoko kwenye tope la mbele kabisa kuelekea baharini, mahali ambapo kwa asili ni pa mlilana au hapajawahi kuota mti wowote. Miche hiyo hukaa chini ya maji muda mrefu mno, viumbe wadogo wenye magamba magumu hujibandika kwenye mashina mpaka yakalemewa, na baada ya misimu michache hubaki vijiti vikavu.

Ufilipino ilipitia hali hii kwa miongo kadhaa, na katika miradi yake mingi mikubwa miche iliyonusurika ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu. Sababu haikuwa ujinga wa kibotania peke yake. Ardhi inayofaa, ile ya juu kidogo ambayo maji huifunika na kuiacha kwa zamu, ilikuwa imekwisha kugeuzwa mabwawa ya samaki yenye wenyewe, ilhali tope la mbele halikuwa na mdai, kwa hiyo waliokimbia mgogoro wa ardhi walikimbilia huko kupanda.

Kwa maoni yangu, mchango wa serikali usioweza kutolewa na mbia yeyote uko hapa: mamlaka ya kurudisha mabwawa yaliyotelekezwa na kuruhusu kingo zake zivunjwe ili maji ya kujaa na kupwa yapite tena. Maji yakirudi, na kama mikoko mama iko jirani, mara nyingi mbegu huletwa na bahari yenyewe. Sasa angalieni kioja: kazi hiyo, ambayo ni nafuu na yenye matokeo mazuri kuliko zote, kwenye mkataba wa kuhesabu miche hulipwa sifuri. Ndiyo maana ningependekeza malipo ya awali yawe madogo na sehemu kubwa ishikiliwe hadi mwaka wa tatu na wa tano, itolewe kwa eneo lililofunikwa na miti hai, ikiwemo iliyoota yenyewe, baada ya kupimwa na mtu asiye na maslahi kwa upande wowote.

Msoma Mikataba

Nakubaliana na Kitalu, nami niongeze kuhusu kimbunga. Hatari hupewa yule anayeweza kuizuia. Kupanda spishi isiyofaa ni kosa la mbia, naye alibebe. Kimbunga hakizuiliki na upande wowote, kwa hiyo kinataka mfuko au bima. Jimbo la Quintana Roo nchini Mexico lilianzisha mfuko wa amana wa ukanda wake wa pwani mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikanunuliwa bima ya mwamba wa matumbawe. Bima hiyo haisubiri mtathmini azame kuhesabu matumbawe yaliyovunjika. Kasi ya upepo ikivuka kiwango kilichoandikwa, ndani ya eneo lililotajwa, malipo hutoka. Baada ya kimbunga Delta cha Oktoba 2020 zililipwa takriban dola 800,000 za Marekani, na vikosi vilivyokuwa vimefundishwa mapema vikaingia majini kuondoa vifusi na kubandika upya vipande vilivyokuwa bado hai. Muda ni mfupi sana katika kazi hiyo, maana kipande kinachobiringishwa na mawimbi juu ya mchanga hakikawii kufa.

Mapato nayo yasilazimishwe. Mwaka 2011 Uholanzi ilimwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga kwenye pwani ya mkoa wa Zuid-Holland, ili mawimbi, mikondo na upepo viusambaze kwa takriban miaka 20. Kampuni binafsi zilichota mchanga huo chini ya bahari, na fedha za umma zikalipa. Ufukwe haukutakiwa ujilipie. Kumtaka mbia atafute faida mahali isipokuwepo ndiko kunakozaa hoteli katikati ya hifadhi.

Mdau wa Ufukwe

Asanteni sana. Nimebaki na wasiwasi mmoja. Mbia akikabidhiwa usimamizi kwa miaka 25 au 30, wavuvi na kina mama wanaochokoa pweza miambani wanabaki na haki gani?

Mkaa Ghubani

Wanabaki na haki zilizoandikwa, hawana nyingine. Kwa hiyo njia za kufikia maji, maeneo ya kuvua na mgao wa mapato viingie ndani ya mkataba wenyewe, visiachwe kwenye barua ya ahadi. Katika ghuba ya Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 unahusu hekta 117 za mikoko iliyo mali ya serikali, na wanakijiji wana makubaliano rasmi na mamlaka ya misitu. Hati za hewa ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo huuzwa kwa wanunuzi wanaofidia kwa hiari uchafuzi wao, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule, mambo ambayo mwanakijiji anayaona kwa macho yake.

Mfano wa Chumbe, Zanzibar, ni tofauti. Huko kampuni binafsi inasimamia hifadhi ya matumbawe iliyotangazwa na serikali mwaka 1994. Uvuvi umekatazwa ndani yake, na waliokuwa wavuvi ndio waliofundishwa kuwa walinzi, wanaofanya doria bila silaha. Hifadhi imedumu, lakini gharama zake hutegemea watalii, na mwaka 2020, wa janga la korona, ulionyesha jinsi chanzo hicho kinavyoweza kukauka ghafla. Mkataba utaje mapema nani ataendelea kuwalipa walinzi wakati huo.

Mchanga

Hamjagusa mipaka. Mchanga hausimami kwenye alama za kiwanja. Mwenye hoteli akijenga ukuta, mawimbi yanayogonga ukuta huo huchimba mchanga uliopo mbele yake, na pale ukuta unapoishia jirani huanza kuliwa. Naye hujenga wake, na mmomonyoko ukasogea hatua nyingine. Mikataba ya kiwanja kimoja kimoja huuendeleza mchezo huo kwa muhuri wa serikali. Eneo la ubia lingechorwa kwa kufuata mwendo wa mchanga, kutoka unakotoka, mara nyingi mdomo wa mto, hadi unakotua, na wenye viwanja wote waliomo wachangie mfuko mmoja. Serikali peke yake ndiyo inayoweza kuwakalisha pamoja, na ingefanya hivyo kabla ya kutangaza zabuni.