Je, ni haki akili unde iwashwe kabla mtumiaji hajaulizwa?

Naanzisha mjadala huu kutokana na hoja ninayoisikia mara kwa mara kwa watengenezaji wa programu, kwamba mtumiaji wa kawaida hapekui mipangilio, na kwa hiyo huduma mpya isipowekwa mbele ya macho yake hataijua kamwe. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli. Ninachokikataa ni kumtwika mtu kitu kisha tukasema tumemwonyesha tu.

Tazameni kesi ya Australia. Microsoft ilipoingiza Copilot, msaidizi wake wa akili unde, katika Microsoft 365, yaani huduma ya kulipia ya programu kama Word na Excel, kifurushi cha mtu mmoja kilipanda kutoka dola 109 za nchi hiyo hadi 159 kwa mwaka. Oktoba 2025, Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia iliifikisha kampuni hiyo mahakamani, ikidai kuwa wateja wapatao milioni 2.7 waliarifiwa kana kwamba njia ni mbili tu, ama wakubali Copilot na bei yake mpya au wajiondoe, ilhali kilikuwapo kifurushi kisicho na Copilot kwa bei ileile ya zamani. Kwa mujibu wa tume, mteja alikutana na kifurushi hicho pale tu alipokwisha kuanza hatua za kujiondoa. Kampuni iliomba radhi na kuwapa wateja nafasi ya kurejeshewa fedha, jambo ninaloliheshimu, lakini radhi hiyo ilifuata mashtaka, haikuyatangulia.

Nasi tunaoendesha biashara, vikao vya ukoo na michango ya harusi kwenye WhatsApp tumekiona kitufe cha Meta AI kikitokea bila kuombwa. Unaweza kukipuuza, ila mahali pa kukiondoa hupewi. Mamlaka ya ushindani ya Italia ilianza kulichunguza suala hilo Julai 2025.

Wala msiseme haiwezekani kufanya vingine. Recall, huduma ya Microsoft inayohifadhi picha za skrini ya kompyuta kila baada ya sekunde chache, ilipingwa vikali na wataalamu wa usalama, na Juni 2024 Microsoft ikatangaza kwamba itakuwa imezimwa mpaka mwenye kompyuta aiwashe mwenyewe.

Kwa hiyo nawauliza mnaotetea utaratibu wa sasa: kama huduma hizi zina manufaa mnayoyasema, kuna hasara gani mtumiaji akielezwa kazi yake, bei yake na taarifa zake zinazochukuliwa, kisha akaachiwa aiwashe mwenyewe?