Familia Yetu: Maua ya Kitulo

Binti: Shikamooni wote. Tumefika Kitulo salama. Zile kona 57 za kupandia kutoka Chimala zimemlegeza mdogo, ila alipoyaona maua tu karuka kwenye gari.
[picha] [picha]

Mama: Marahaba mwanangu. Si ndiyo maana panaitwa Bustani ya Mungu! Vaeni masweta, hiyo baridi haina Januari wala Juni.

Kaka: La kwanza nalijua, jekundu juu na njano chini. Hiyo okidi.

Shangazi: Hapana baba, hiyo ni Kniphofia. Pale juu penye wekundu bado hayajafunguka. Yanafunguka kuanzia chini, na yakifunguka yanakuwa ya njano. Okidi ni hilo la pinki. Binti, lipige picha kwa mgongoni. Usilichume, inama tu.

Binti: [picha] Lina vimkia viwili shangazi.

Shangazi: Viwili! Basi ni okidi aina ya Satyrium. Kingekuwa kimoja ningesema ni aina ya Disa. Mimi nahesabu vimkia kwanza, rangi baadaye. Rangi inadanganya.

Kaka: Dada, chimba moja uniletee nipande kwenye kopo hapa Mbeya.

Shangazi: Msithubutu wanangu! Hiyo Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na iliwekwa kwa ajili ya hayo hayo maua. Halafu kwenye kopo haitashika, inaishi na kuvu wa udongo wa hukohuko. Ukichimba unakuta viazi viwili: kimoja kimesinyaa, ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Kingine kigumu, ni cha mwakani. Wachimbaji wanataka hicho kigumu, kinavushwa Zambia kinatwangwa na karanga kupikwa chikanda, chakula cha huko. Ukishakitoa, mwakani hapo hapaoti kitu.

Mjomba: Kweli kabisa. Magunia yake nimeyaona Tunduma, pale mpakani na Zambia, kwa macho yangu. Gunia zima, na kila kiazi ni ua moja. Niliumia sana.

Kaka: Sikujua shangazi, nisamehe. Dada, picha zinatosha.

Shangazi: Umeshasamehewa baba.

Binti: Subirini. Mdogo kaona jingine kwenye majani yenye majimaji, rangi ya chungwa lililoiva. Kalala kifudifudi anahesabu.

Mama: Na hiyo sweta yake mpya!

Binti: Anasema kimoja.

Shangazi: Kimoja?? Mwambie asiinuke, atalikanyaga. Piga picha ya mgongoni, halafu ya majani yake. Nasubiri.