Nyuki wananihama kipupwe hiki, mwanyumba wangu Austria anasema wake wamelala na yeye yuko mlimani na watoto. Inakuwaje?

Mgogo wa Buigiri:
Mbukwenyi wakuu. Nina mizinga 24 huku Chamwino, 18 ya masanduku na 6 ya magogo niliyorithi kwa mzee, mingi imening'inia kwenye migunga na miwili iko kwenye mbuyu. Mwaka huu alizeti ilichanua vizuri, tukarina mwezi wa tano mwishoni, mambo safi kabisa. Sasa juzi nimepita manzuki, pale ninapofugia nyuki, nakuta mizinga 7 mitupu, na siyo kwamba wamekufa, hakuna hata maiti moja, wameondoka tu usiku kama wapangaji wanaokimbia kodi, masega makavu na nondo ameshaanza kutafuna.

Ishu iko hivi. Dada yake mke wangu kaolewa Austria huko milimani na mumewe naye anafuga nyuki, kwa hiyo sisi ni wanyumba, tumeoa nyumba moja. Mwezi wa pili alitutumia video wasapu, theluji imefunika mizinga hadi nusu, yeye hana habari, yuko juu ya mlima na watoto wake wanateleza na vile vibao vya miguuni. Nikamuuliza nyuki je? Eti wamelala, nitawafungua mwezi wa tatu, wikiendi zote ni skii tu na familia. Toka mwezi wa kumi hajafungua mzinga hata mmoja!!

Mimi huku kipupwe chote niko kwenye pikipiki, nyumbani manzuki, manzuki nyumbani, watoto wamefunga shule wananiuliza lini tunaenda Kolo kuona michoro ya miambani niliyowaahidi toka mwaka jana. Swali langu, hawa wa kwetu hawalaziki? Nikiwapa sukari kama anavyofanya mwanyumba, nikawabania mlango kidogo, watabaki? Au wale wa kizungu ni damu nyingine?

Mama Asali Itigi:
Pole kaka. Kabla hatujafika kwenye damu naomba uniambie kitu kimoja tu, mwezi wa tano ulirina kiasi gani na uliwaachia nini?

Mgogo wa Buigiri:
Dada hapo umenishika pabaya. Nilirina yote. Ada za shule zilikuwa zimenikaa kooni.

Mama Asali Itigi:
Basi nyuki wako wako sahihi na wewe ndiye mwenye kosa, usikasirike. Mvua zimekata mwezi wa nne, upepo huu wa Dodoma unakausha kila kitu, maua ya maana mpaka mibuyu na migunga ianze tena huko mbele karibu na mvua, halafu stoo umefagia. Wakae wanakula nini? Mimi siku hizi mzinga wa sanduku naacha masega ya pembeni yote yenye asali na sigusi kabisa yenye majana, yaani watoto wa nyuki. Napata ndoo chache kuliko jirani yangu lakini mwakani yeye anatafuta makundi mapya mimi nina yangu. Na hilo la kufunga mlango futa kichwani, saa nane mchana kwa jua letu utawapika humo ndani na nta ikayeyuka.

Mtu wa Kondoa Tirol:
Wakuu habari za huko nyumbani. Niko Tirol, huko huko Austria, mwaka wa tisa, nina makundi 11 nyuma ya nyumba, hawa nyuki wa kijivu wanaoitwa karnika. Naandika mbio mbio maana huku sasa hivi ndio kiangazi na makundi yanataka kugawanyika, silali.

Mwanyumba wako hajakudanganya ila kakutumia video ya mwezi wa pili, ya mwezi wa nane hajakutumia. Tukisharina, kila mzinga unapewa maji ya sukari, kilo tatu kwa lita mbili, mpaka uwe na akiba ya kilo 15 hadi 20 hivi, na hapo hapo unatibu utitiri wa varroa ambao kwa nyuki wa huku usipoutibu unamaliza kundi zima, yaani ukizembea mwezi wa nane basi mwezi wa pili unafungua sanduku la maiti, na theluji yako nzuri iko hapo hapo nje.

Halafu hawalali bana, hiyo ni lugha tu. Wanajikusanya bonge kama mpira, malkia katikati, wanatetemesha ile misuli ya kurukia bila kuruka, na asali ndio kuni zao. Nje kumi chini ya sifuri, katikati ya bonge ni zaidi ya ishirini, na malkia akianza kutaga inapanda hadi 34, 35, ndio hapo asali inakwenda kwa kasi na makundi mengine yanakufa njaa mwezi wa tatu wakati mtu anadhani baridi imeisha. Nyuki wa msimu huo anaishi hata miezi sita, wa kiangazi ni kama wiki sita tu anaisha. Sasa ukifungua kuchungulia unawatolea joto bure. Kwa hiyo mimi nainua mzinga kidogo kwa nyuma nasikia uzito, naweka sikio nasikia mvumo, nafagia maiti mlangoni, panya nimewawekea wavu. Mwezi wa 12 siku moja nadondoshea asidi ya oksaliki, dawa ya utitiri, kwa sababu majana hakuna na utitiri hauna pa kujificha. Basi. Siku nyingine niko banda la nyuma nagonga fremu na kuyeyusha nta.

Na hiyo skii, aisee. Watoto wangu walijifunza wiki moja tu, likizo ya mwezi wa pili. Mimi bado niko kilima cha watoto wa chekechea, mwalimu anapiga kelele "pizza! pizza!", maana yake kutanisha ncha za vibao mbele upunguze mwendo, mimi nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye wavu. Viatu vyake vinabana kama umefungwa plasta ya kuvunjika mguu. Tiketi za lifti za familia usizigeuze kuwa shilingi, utaumwa. Na ikitokea siku ya jua, joto likafika digrii kumi na kitu, nakatisha safari nirudi kuangalia, maana wanatoka wote kujisaidia, wamebana wiki na wiki, theluji mbele ya mizinga inajaa madoa ya njano. Mke wangu siku hiyo haaniki nguo nje.

Kolo ni kwetu, wapeleke watoto, lami mpaka pale. Pandeni asubuhi jua halijakaza.

Bodaboda Msomi:
Kwa hiyo tununue theluji tuwamwagie 😂

Fundi Mizinga Manyoni:
Msomi unatania ila jibu liko karibu na hapo. Nyuki wa Ulaya akitoka mwezi wa kwanza anakufa hapo nje, hana pa kwenda, lazima ajibanze na alichonacho. Wa kwetu akiona pamekauka anajua kuna sehemu mvua imenyesha, anajaza tumbo asali iliyobaki anaondoka na malkia wake. Ndio maisha yake hayo, huwezi kumzuia wote, hata mimi kila mwaka napoteza.

Cha kufanya kwa 17 waliobaki: maji karibu, beseni lenye mawe ndani wasizame. Kivuli, mzinga unaopigwa na jua la saa tisa uhamishe usiku. Waya paka grisi sisimizi wasipande, na uangalie nyegere. Sukari mpe kundi dhaifu tu, kidogo, jioni, ndani ya mzinga, na asali ya mzinga huo usimuuzie mtu mpaka msimu mpya. Ile mitupu 7 kwangua masega yaliyoliwa, choma kidogo ndani kwa moto, paka nta, ining'inize mwezi wa kumi na moja uone kama hawajarudi.

Mgogo wa Buigiri:
Nimewapata wakuu, dada wa Itigi nimekubali kosa. Beseni limeshafika manzuki, mizinga minne nimeihamishia upande wa mbuyu. Jumamosi tunaenda Kolo. Sasa tatizo dumu la lita 20 nililotenga kubebea maji ya nyuki, wanangu baada ya kuona ile video ya binamu zao wamelipasua katikati kwa kisu, wanateleza nalo kwenye mwamba nyuma ya nyumba, na toka nimewasomea ya huyu wa Tirol mdogo anashuka anapiga kelele pizza. Kuna anayeuza dumu Chamwino?