Mrejesho: Monita iliyokuwa inachezacheza, mchawi kapatikana

Wakuu, ni mimi mwenye steshenari Nkuhungu, hapa Dodoma. Kwa waliopitwa: niliomba ushauri hapa, picha kwenye monita ya kompyuta ilikuwa inazima na kuwaka kama taa za disko, hasa nikiongeza mwanga, nikajua kioo ndiyo basi tena.

Nilifuata mlivyosema. Task Manager (kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha programu zinazofanya kazi) nayo ikawa inacheza na kila kitu, kwa hiyo si kosa la programu moja. Draiva mpya (programu inayoendesha picha), wapi. Hertz 60, yaani mara ambazo picha inajichora upya kwa sekunde, zilikuwa palepale. Waya wa HDMI nikaazima kwa jirani, bado.

Aliyesema nichomoe waya wa picha niache wa umeme tu, Mungu akubariki. Yale maandishi ya kwamba hakuna signali nayo yakawa yanacheza! Kompyuta nimeisingizia bure.

Nikabeba monita na adapta yake (kile kiboksi cha waya wa umeme) mpaka kwa fundi, Sabasaba. Akapima adapta ikiwa peke yake: volti 19 safi kabisa. Nikaanza kukata tamaa. Akaichomeka kwenye monita, akapima tena huku imewaka, mita ikashuka hadi 14 na kurukaruka. Akaipasua adapta: kapasita mbili (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) zimevimba vichwa kama maandazi, moja imevuja kitu cha kahawia.

Nimenunua adapta nyingine. Fundi alisisitiza volti zilingane, ampea ziwe zilezile au zaidi, na chanya na hasi za pini zisipishane.

Wiki ya pili sasa, imetulia. Adapta mbovu kabaki nayo fundi, eti anautaka waya wake.