Maktaba za vyuo vya afya: rafu ziondoke, kompyuta ziingie?

Wadau, kila vyuo vya afya vinapopanga bajeti hoja hii inarudi: vitabu vipunguzwe, nafasi igeuzwe chumba cha kujifunzia kidijitali chenye kompyuta na intaneti. Naunga mkono, kwa sharti moja.

Sababu yangu ni dawa. Kwa malaria, Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikaingia SP (sulfadoxine-pyrimethamine), kisha 2006 ikahamia dawa mseto ya ALu (artemether-lumefantrine). Kitabu cha famakolojia, yaani elimu ya dawa, cha 1998 kikibaki rafuni, mwanafunzi wa mwaka wa pili atajuaje kuwa ukurasa ule umepitwa na wakati?

Sharti langu ni mkutubi. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, huzipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu. Chuo kinajisajili, kinapewa nywila. Waulizeni wanafunzi kama wanaijua! Wengi tunarushiana PDF kwenye WhatsApp, toleo la mwaka gani hakuna anayeuliza. Yaani kitabu cha zamani kimehamia kwenye simu. Hata PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, ukiandika malaria tu unaletewa zaidi ya makala laki moja. Mkutubi aliyesomea taarifa za afya atakuonyesha namna ya kuchuja kwa mwaka na aina ya utafiti. Aajiriwe kwanza, kompyuta zifuate.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, kwenye dawa umenena. Ila sisi tunaoishi wanne geto moja, meza ya maktaba ndiyo sehemu pekee ya kusomea usiku. Kompyuta zikijaa mezani, daftari tunaweka wapi? Umeme ukikatika, jenereta huenda wodini kwanza, na ni haki. Halafu atlasi ya anatomia, kitabu cha picha za viungo vya mwili: tunaizunguka watano, mmoja anaweka kidole kwenye neva, mwingine anaitaja, wa tatu anamsahihisha. Anatomia haibadiliki kama dawa. Hivyo vitabu viacheni.

Mleta mada:
Atlasi zibaki, nakubali. Meza za daftari pia zisiguswe. Zitolewe rafu za famakolojia na miongozo ya tiba iliyopitwa. Lakini nywila ya Hinari tupewe hata tukiwa mafunzo ya vitendo hospitali za mikoa. Kule ndiko mgonjwa yuko mbele yako na maktaba iko mbali.