Antivirusi ya kompyuta ya nyumbani: Defender inatosha, au nilipie Bitdefender, ESET au Kaspersky?

Mama Pacha

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nina laptopu ya Windows 10 inayotumiwa na nyumba nzima: mimi kwa hesabu za biashara, wanangu kwa kazi za shule na michezo. RAM ni GB 4 na diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, si SSD. Ilikuja na antivirusi ya majaribio, muda wake umekwisha, na sasa kila nikiwasha inanitisha kwamba niko hatarini, nilipie. Intaneti si ya muda wote, nawasha bando nikiwa na kazi. Flashi zinaingia na kutoka kila siku.

Orodha yangu imebaki hivi: nitumie Defender iliyomo kwenye Windows bila kuongeza kitu, niweke Avast ya bure, au nilipie mojawapo ya Bitdefender, ESET na Kaspersky. Kuna jamaa kanishauri niweke mbili kwa pamoja, ya kwanza ikipitwa ya pili idake. Mnasemaje?

Kipanga

Ushauri wa kuweka mbili utupe leo hii. Zote zitagombania kukagua faili lile lile kabla halijafunguka, zinaweza kushukiana zenyewe kwa zenyewe, na kwenye GB 4 hutabakiwa na nafasi ya kufanyia kazi. Windows inalijua hilo, ndiyo maana ukisakinisha antivirusi nyingine Defender hujiweka pembeni.

Kuhusu kulipia: usilipie. Wanaoidharau Defender wengi wana kumbukumbu za Microsoft Security Essentials, antivirusi ya bure ya zamani ya Microsoft, ile iliyonyimwa cheti na maabara ya AV-TEST ya Ujerumani mwaka 2012. Enzi hizo zimepita. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji, na kwa miaka kadhaa sasa Defender imekuwa ikipata 18 zote au pungufu kidogo tu. Sasa hela unatoa ya nini? VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako ya intaneti) yenye kikomo na kitufe cha "safisha kompyuta" ambacho hakisafishi chochote cha maana.

Fundi Saketi

Mkuu Kipanga, umemjibu mtu mwenye intaneti saa 24. Mama kasema bando huwashwa kwa zamu na flashi ndizo zinazozunguka. Hapo hesabu inabadilika kabisa.

AV-Comparatives, maabara ya Innsbruck kule Austria, wana jaribio ambalo virusi hupimwa kwanza kompyuta ikiwa haina intaneti, kisha ikiwa nayo. Ukisoma safu ya kwanza peke yake, Defender inashuka sana ikilinganishwa na Bitdefender. Sababu ni muundo wake: sehemu kubwa ya akili yake iko kwenye seva za Microsoft. Ikikutana na faili isilolijua inauliza huko juu, na jibu hurudi upesi. Ukikata intaneti, inabaki na saini, yaani alama za kutambulia virusi vinavyojulikana, zilizomo ndani ya diski pamoja na kanuni chache za kubahatisha. Bitdefender ya Romania imebeba vingi zaidi ndani ya kompyuta, ndiyo maana injini yake hata kampuni nyingine huinunua na kuiweka kwenye programu zao. ESET ya Slovakia nayo hufanya vizuri bila intaneti.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ipi bora". Uliza kwanza virusi vinakuja kwako kwa njia gani. Anayeshinda kwenye barua pepe na vivinjari, Defender inamtosha, hapo tuko pamoja. Anayepokea flashi wakati bando limezimwa yuko kwenye pengo lile lile ambalo Defender inalo.

Kipanga

Nakubali pengo lipo. Lakini saini za Defender unaweza kuzipakua kwa mkono kwenye tovuti ya Microsoft, faili linaitwa mpam-fe.exe, ukalibeba hata kwa flashi. Bure.

Fundi Saketi

Zaidi ya MB 100 kila unapolichukua, na bado hujaziba pengo, kwa sababu saini ni za vile vinavyojulikana tayari. Halafu niambie nani nyumbani atakumbuka kufanya hivyo kila wiki.

Jicho la Tatu

Mimi niongelee Avast, maana naona mmeiruka.

Uwezo wa kukamata virusi inao, hilo halina ubishi. Shida ni historia yake. Kampuni tanzu yake iliyoitwa Jumpshot ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti wanazotembelea watumiaji. Habari zikavuja Januari 2020, Jumpshot ikafungwa mwezi huo huo, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaiamuru Avast ilipe dola milioni 16.5 na kuacha kuuza taarifa za namna hiyo kwa matangazo. Mtu akikuwekea mlinzi wa bure, uliza mshahara wa mlinzi unatoka wapi.

Na usidhani ukikimbilia AVG umehama. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Baadaye NortonLifeLock ikaichukua Avira, kisha mwaka 2022 ikaungana na Avast yenyewe, na kundi zima sasa linaitwa Gen Digital. Norton, Avast, AVG na Avira ni vyumba vinne vya nyumba moja.

Kwa wanaotaka ya bure isiyo Defender, Bitdefender wanayo ya bure, imenyimwa mapambo tu. Malwarebytes ya bure ni nzuri pia, ila ujue hailindi muda wote. Unaiita yenyewe ikague, ikimaliza inalala. Kwa hiyo inaweza kukaa pamoja na Defender bila ugomvi, na kwa yule jamaa wa "weka mbili", hii ndiyo namna pekee ya mbili inayoeleweka.

Bwana Mdogo

Mnazunguka tu. Kaspersky baba lao. Natumia miaka na miaka, flashi ikichomekwa tu inapiga kelele kabla sijaifungua. Hayo mengine ni siasa.

Jicho la Tatu

Siasa ndiyo, lakini siasa inayoweza kukukatia masasisho. Marekani ilipiga marufuku mauzo mapya kuanzia Julai 2024, na masasisho kuanzia tarehe 29 Septemba mwaka huo. Wateja wengi wa huko wakashtuka kukuta programu nyingine, UltraAV, imejisakinisha yenyewe mahali pa Kaspersky. Kabla ya hapo, Machi 2022, BSI, mamlaka ya usalama wa mtandao ya Ujerumani, iliwashauri watu waiache. BSI hawakusema wamekuta mlango wa siri ndani ya programu. Hoja yao ilikuwa kwamba kampuni ya Urusi inaweza kushurutishwa na serikali yake, na antivirusi ni programu yenye ruhusa ya kugusa kila faili ulilonalo.

Kwenye vipimo vya maabara Kaspersky ni kati ya bora kabisa, nami sibishi. Anayetunza picha za familia anaweza kusema hofu hiyo si yangu. Anayetunza hesabu za wateja wake, nadhani achague kitu kisicho na mashaka ya aina hiyo wakati vingine vya kiwango hicho hicho vipo.

Bwana Mdogo

Sawa mkuu, ila kwangu inabaki.

Mama Pacha

Asanteni sana, nimeanza kuona mwanga. Niulize mawili. Moja, laptopu ni nzito tayari, ipi haitaiua kabisa? Pili, mwanangu mkubwa anapakua michezo "iliyofunguliwa", na maelekezo yanasema zima antivirusi kwanza ndipo usakinishe. Anasema ni kawaida, eti antivirusi huwa zinakosea kwa michezo hiyo.

Fundi Saketi

Kwa diski ya kuzunguka na GB 4, ESET. Imezoeleka kuwa miongoni mwa nyepesi, na haina makorokoro mengi. Bitdefender kwenye mashine kama yako huhisiwa zaidi, hasa siku ya kwanza inapokagua diski nzima. Defender nayo si nyepesi kama watu wanavyodhani: fungua Task Manager wakati inakagua uone Antimalware Service Executable inavyoisaga diski. Ukipata nafasi ya kununua SSD, inunue hiyo kwanza kabla ya antivirusi yoyote, maana utaona tofauti ambayo programu haiwezi kukupa.

Hilo la pili namwachia Nyuki, ndiyo kazi yake ya kila siku.

Nyuki

Mama, hilo la pili ndilo kubwa kuliko yote yaliyoandikwa hapa juu.

Ni kweli antivirusi wakati mwingine huilaumu kraki (programu ya kufungua michezo isilipiwe) kwa sababu tu imechezea faili la programu nyingine. Waovu wanalijua hilo na wanalitumia. Wanamwandaa mtoto mapema: "utaona onyo, ni uongo, zima." Mlango ukishafunguliwa na mwenye nyumba, hata antivirusi ya bei gani haina la kufanya.

Kinachoingia siku hizi mara nyingi si virusi vya kuharibu kompyuta. Ni vidokozi, programu kama RedLine, ambazo hukusanya nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi vyake (vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti), zikavituma na kunyamaza. Kazi yote huisha kwa muda mfupi mno na kompyuta haionyeshi dalili yoyote. Vidakuzi ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu aliye navyo anaweza kuingia kwenye barua pepe yako akiwa tayari "ameshaingia", bila kuulizwa nywila wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu. Ndiyo maana mtu anasafisha kompyuta, antivirusi inasema hakuna kitu, na wiki inayofuata akaunti inaibwa.

Kama alishazima antivirusi na kusakinisha mchezo wa namna hiyo, chukua kifaa kingine kilicho safi, ingia kwenye barua pepe na akaunti za hela, ondoa vikao vyote vilivyo wazi (yaani toa vifaa vyote vilivyoingia), ndipo ubadilishe nywila. Ukibadilishia kwenye laptopu ile ile, unamkabidhi mwizi nywila mpya.

Kisha mfungulie kijana akaunti yake ya kawaida kwenye Windows, isiyo ya msimamizi. Akitaka kusakinisha kitu, kompyuta itamwomba nywila yako. Hii haigharimu kitu, na ungeniambia nichague kati yake na kulipia antivirusi, ningeichagua hii.

Kipanga

Nyuki kamaliza kazi. Niongeze la Windows 10. Masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama unaoitwa ESU, uliopangiwa kufika Oktoba 2026. Microsoft wamesema saini za Defender zitaendelea kuja hadi Oktoba 2028, lakini usichanganye mambo: saini zinatambua virusi, hazizibi tundu la mfumo wenyewe. WannaCry, virusi vya kudai fidia vya Mei 2017, ilisambaa kupitia tundu ambalo Microsoft walishalitolea kiraka Machi ya mwaka huo huo. Waliosasisha walipona, na waliochelewa mafaili yao yakafungwa na kudaiwa fidia. Angalia kwenye mipangilio, upande wa Windows Update, kama umeandikishwa ESU.

Bwana Mdogo

Na flashi yenye folda zilizogeuka kuwa shotikati? Hiyo ndiyo inayosumbua watu, si WannaCry.

Fundi Saketi

Kweli kabisa. Tangu Windows 7, flashi haiwezi tena kujiendesha yenyewe ikichomekwa, kwa hiyo virusi hivyo vinahitaji mtu abofye. Vinaficha folda yako halisi na kuweka shotikati yenye jina lile lile. Unabofya, folda inafunguka kama kawaida, na nyuma yake virusi vinaingia.

Antivirusi ikishavifuta, watu hulia kwamba mafaili yamepotea. Yapo, yamefichwa tu. Fungua Command Prompt, kama flashi ni herufi E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yatarudi. Hesabu za biashara ziwe na nakala kwenye diski ya nje inayochomolewa ukimaliza kunakili, kwa sababu virusi vya kudai fidia hufunga na diski iliyochomekwa.

Mama Pacha

Nimeamua. Mwanangu keshafunguliwa akaunti yake, kanuna, atazoea. ESET naona wana majaribio ya siku 30, nitaanza nayo, na ikiwa laptopu itazidi kulemewa nitarudi Defender. Lile limajaribio la zamani nimelifuta lakini bado linachungulia pembeni. Nifanyeje?

Fundi Saketi

Kufuta kwa njia ya kawaida mara nyingi huacha mabaki. Kampuni nyingi za antivirusi zina kifutio chao maalumu: Avast wana Avast Clear, McAfee wana MCPR, ESET na Norton nao wana vyao. Tafuta cha kampuni husika kwenye tovuti yake yenyewe, usikichukue kwingine. Kiendeshe, zima na uwashe, kisha ingia Windows Security uone nani yuko zamu. Ikisomeka Defender peke yake, hapo ndipo usakinishe ESET. Iache isasishe kwanza, halafu ikague diski nzima usiku, usikae kuisubiri.

Ukitaka kujua kama iko macho, tengeneza faili la majaribio la EICAR. Ni herufi 68 tu, halina madhara, na antivirusi zote kubwa zimekubaliana kulipigia kelele.

Kipanga

Na ukifika kulipa, tafuta mahali pa kuzima ulipiaji wa kujirudia. Mwaka wa kwanza huwa na punguzo, wa pili unakatwa bei kamili bila kuulizwa.

Mama Pacha

Hapo kwenye kuzima ulipiaji, ni ndani ya programu au kwenye tovuti?

Kipanga

Tovuti, kwenye akaunti yako uliyonunulia. Fanya siku hiyo hiyo unayolipa, leseni itaendelea hadi mwisho wa mwaka uliolipia.