Umeunga Mega Drive kwa waya wa antena halafu unatangaza grafiki mbovu?!

Wakuu, watu wa Mwanjelwa wote mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule wa banda la gemu. Leo mchana kakusanya vijana kuwaonyesha mashine mbili za gemu za zamani, Super Nintendo ya Nintendo na Mega Drive ya Sega, kisha akatamka kwamba Mega Drive ni "Famicom iliyopakwa lami", yaani ile mashine ya Nintendo ya kizazi cha nyuma. Lami! Banda zima likacheka.

Sasa tazameni alivyoziunga. Super Nintendo haikuwa hata mashine yenyewe, ilikuwa emyuleta (programu inayoiga mashine) ya kompyuta kwa HDMI, pikseli zimekatwa kwa wembe. Mega Drive halisi kaiunga kwa WAYA WA ANTENA. Kwenye flati ya inchi 43! Picha ikawa ukungu wa Isyonje mwezi wa saba, Sonic huwezi kumtofautisha na kunguru. Halafu anageuka: "Mmeona?"

Tumeona nini? Ule waya unabeba picha na sauti pamoja kwa mawimbi ya chaneli, tivii inaanza kuzitenganisha upya, rangi zinavuja na chenga zinaingia. Nyuma ya Mega Drive ya kwanza kuna tundu la duara la pini 8. Humo unapata picha ya waya wa njano, unapata hata RGB ya skati, plagi pana ya Ulaya inayobeba kila rangi kivyake. Sauti humo ni mono, ukitaka stereo chomeka kwenye tundu la hedifoni mbele. Tundu lilikuwepo, yeye kachukua antena!

Rangi sibishi. Super Nintendo inachagua kati ya 32,768 na kuweka 256 kwa mara moja. Mega Drive inachagua kati ya 512 na kuweka kama 61. Ila mbona hakutaja upana? Mega Drive inachora pikseli 320 kwa mstari, gemu nyingi za Super Nintendo 256, zinavutwa kujaza kioo kile kile. Na wachoraji wa Sega walipanga mistari ya wima ya rangi mbili, tivii ya chogo (ya zamani yenye mgongo) kwa waya wa njano inaichanganya, maporomoko ya gemu ya Sonic yanakuwa maji unayoona nyuma yake. Hiyo ni akili, siyo lami.

Antena jamani. ANTENA.

Kihesa_Mjini: Mleta mada punguza presha. Hata kwa skati ungepigwa. Super Nintendo ina Mode 7, chipu yenyewe inazungusha na kukuza mandhari nzima. Gemu ya F-Zero ya 1990 imesimama juu ya hiyo. Mega Drive lazima prosesa ihesabu.

MtuwaTukuyu: Kihesa, hiyo Mode 7 ni tabaka moja tu la mandhari, basi. Na prosesa yenu ya megahezi 3.58, gemu ya Gradius III risasi zikijaa inatembea kama konokono. Mleta mada ndaga (asante), endelea kuwasha moto.

Mleta mada: Mnajadili Mode 7 wakati mtu kaunga kwa ANTENA?

Kihesa_Mjini: Ukurasa mzima wa kilio kwa ajili ya waya. Mnunulie wa njano yaishe.

Fundi_Makambako: Wote mmeikosa flati. Mashine hizi zinatoa mistari 240, flati nyingi zinaidhania picha ya mistari ya kupokezana, ile inayochorwa nusu nusu kwa zamu. Kivuli kinachowaka fremu moja na kuzimika inayofuata kinapotea kabisa au kinakuwa kama meno ya kitana. Tafuta chogo, weka 4:3. Na hakikisha mashine zote mbili ni za picha 50 kwa sekunde au zote ni 60, maana gemu nyingi za 60 zikiwekwa kwenye mashine ya PAL (mfumo wa Ulaya wa 50) zinapungua kasi kama asilimia 17, na mistari myeusi juu na chini.

Parachichi_Njombe: Hapa Njombe kero ni wale wanaosema PlayStation ya kwanza inaizidi Nintendo 64. Kuta zinacheza kama bati kwenye upepo! Haisahihishi taswira (picha zinazobandikwa kwenye kuta) kwa umbali, na nukta za pembe za maumbo zinaruka pikseli nzima nzima.

MtuwaTukuyu: Na 64 yenu je? Kumbukumbu ya taswira kilobaiti 4. Kwa rangi za biti 16 ni kipande cha 64 kwa 32, ndiyo maana nyasi zote ni uji.

Parachichi_Njombe: Bora uji kuliko ukuta unaotapatapa.

Uyole_Stendi: Acheni picha. Wanaouza adapta za "zinaingia zote" ndio wa kufungiwa. Mega Drive ya kwanza ni volti 9 DC (umeme wa mkondo mmoja), katikati ya kichwa hasi. Ya pili ni volti 10, katikati chanya. Super Nintendo ya Ulaya ni volti 9 za AC (umeme wa kupishana), na kichwa chake kinaingia vizuri tu kwenye Mega Drive ya kwanza. Ndipo mnaunguza.

Kihesa_Mjini: Za AC kabisa? Mbona ya Marekani imeandikwa DC?

Uyole_Stendi: Ya Marekani ni volti 10 DC, kichwa tofauti. Soma kibandiko cha mashine, usisome cha muuzaji.

Parachichi_Njombe: Na Famicom yenyewe?

Uyole_Stendi: Ya Japani volti 10 DC, katikati hasi. Hizi za kuiga kila moja na yake, pima kwa mita kwanza.